Wafokaji wa Mariakani Nao ni Malenga

Nimeulizwa na watu watatu, wote wa rika langu, nilikuwa nikitafuta nini Mariakani Jumamosi iliyopita usiku katika ukumbi wa vijana wanaofoka. Mmoja alinipigia simu kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Basi, ndugu wasomaji, kuliko kumjibu kila mtu peke yake barazani, naona ni heri nijibu hapa: nilikwenda kusikiliza, na kiingilio nililipa mwenyewe.

Haya ni maradhi yangu ya zamani. Mapema katika miaka ya 1990 niliipata kanda ya Saleh Jabir wa Dar es Salaam, yule aliyeuchukua mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice wa Marekani akautilia maneno ya Kiswahili. Mimi wakati huo nilikuwa nimehitimu chuoni si zamani, na jioni nikifundishwa utungo na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Kanda ile niliisikiliza mlango umefungwa. Baadaye wakaja Kalamashaka wa Dandora na "Tafsiri Hii", wakaja Ukoo Flani wa kwetu Mombasa, walioungana na wenzao wa Dandora wakatoa "Kilio cha Haki" mwaka 2004. Hizo sikuzificha nyumbani, lakini barazani sikuzitaja. Zaidi ya miaka thelathini ni mpenzi wa fani hii, na sikuwahi hata siku moja kuketi mbele ya jukwaa lake. Nilikuwa na haja nyingine pia, nitaitaja baadaye.

Wengi wetu tunaijua Mariakani kwa kupita tu: malori yamepanga foleni yakingoja kupimwa uzito, njia panda ya Kaloleni, na vumbi. Ukumbi wenyewe ni wa mabati, na feni mbili, moja imekufa. Nilivaa kanzu na kofia kama kawaida yangu. Kijana wa mlangoni alinitazama juu mpaka chini akasema, "Shikamoo mzee. Umekuja kumchukua mtoto?" Nikamwambia marahaba, nimekuja kusikiliza. Akanipa kiti cha mbele kabisa, jambo ambalo masikio yangu yamelijutia hadi leo.

Nataka wanaowaita vijana hawa wahuni walijue hili. Adhana ya Isha ilipolia msikiti wa jirani, mcheza santuri (santuri zenyewe hazikuwapo, ni kompyuta tu) alizima mashine zake bila ya kuambiwa na mtu, na ukumbi wote, Waislamu na wasio Waislamu, ukatulia. Tulitoka wengi kwenda kusali. Niliporudi, kiti changu kilikuwa kimewekewa chupa ya maji ili kisikaliwe.

Kisha wakasimama vijana wawili, mmoja wa hapo hapo na mwingine wa Rabai, kupambana kwa maneno. Yule wa kwanza alimcheka mwenziwe viatu, akamcheka simu yake iliyopasuka kioo, akamaliza kwa neno "deni". Wa Rabai hakungoja. Alilidaka neno lile lile "deni" akaanzia hapo, akamzungusha mwenziwe mpaka watu wakapanda juu ya viti. Nami nilishika kichwa. Kulichukua neno la mwisho la ubeti ukalifanya la kwanza la ubeti unaofuata ni pindu, wasomaji wangu! Nilimwuliza baadaye kama analijua jina hilo. Hakuwahi kulisikia. Alidhani ameibuni yeye.

Sasa nauliza. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, walikuwa wakifanya nini walipotupiana tungo katika ugomvi wa miji yao miwili? Walipeana pole? Walijigamba, wakatishana, wakadharauliana, na sisi leo twazisoma tungo zile kwa heshima kwa kuwa zimetiwa kitabuni. Wapo wasemao kufoka ni mambo ya Wazungu. La hasha. Fani hiyo ilizaliwa mtaa wa Bronx, New York, mwaka 1973, katika karamu za watu weusi, na aliyecheza santuri, Kool Herc, asili yake ni Jamaika. Ama wasemao ala za muziki ni haramu, hilo nawaachia masheikh, mimi si sheikh. Ila asije mtu akanambia hayo huku akitikisa kichwa kwa taarab ya marehemu Juma Bhalo.

Yapo yaliyoniudhi, wala sitayafunika. Wawili watatu walipanda jukwaani wakaachia sauti zao zilizokwisha rekodiwa ziimbe, wao wakifungua midomo tu. Huo ni udanganyifu. Watu wamelipa kusikia pumzi ya mtu. Mmoja alitukana mama wa mwenziwe, na hapo nilitaka kuondoka. Na mizani! Sisi tumelelewa kwa mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mwanzoni nilihesabu kwa vidole nikapotea. Kisha nikatambua kwamba mfokaji hahesabu silabi, anahesabu ngoma: aweza kubana silabi ishirini au akaacha nane tu, bora kina kiangukie pigo lake. Ni mizani ya namna nyingine, nayo kuikosea ni rahisi. Waliokosea, ukumbi mzima uliwajua. Hata hivyo naamini wangefaidika na yetu. Abdilatif Abdalla alitunga "Sauti ya Dhiki" akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, kwa hasira zisizopungua za kijana yeyote wa leo, na arudhi hakuitupa. Lakini nani atawafundisha, iwapo sisi wenye kuijua twawapita njiani tumekunja nyuso? Mashindano yetu ya mashairi nimeyahudhuria mwaka hadi mwaka, na vichwa nivionavyo ni vyeupe vile vile. Mwenye kujua utungo na awaite vijana wawili tu, awape pindu, awape ukaraguni. Nami nimeanza na yule wa Rabai.

Ile haja yangu nyingine ni hii, na mwenyewe amenipa ruhusa niiandike. Mwana wa dada yangu ni mmoja wa waliofoka usiku ule. Babake amemkataza nyumba tangu mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya ufokaji, na dada yangu alinituma nimrudishe. Alipopanda, alifoka habari za mpakizi wa magunia, mgongo wake, na senti anazohesabu mara mbili kabla ya kuzitoa. Hakumtaja mtu. Mimi namjua mpakizi huyo; ni shemeji yangu. Hapakuwa na neno moja la kumvunjia heshima.

"Mjomba, umesikia?" akaniuliza tulipotoka nje.

"Nimesikia. Vina vyako vizuri. Ubeti wa tatu umechechemea."

Akacheka, lakini kurudi nami alikataa. Alisema hatakwenda mpaka aitwe na babake mwenyewe. Shemeji naye hajajibu salamu zangu. Ijumaa baada ya sala nitakwenda kwake, na ule wimbo nimeutia katika simu yangu.