Laana Unayoivunja Ilianzia Wapi?



Kuna maombi yanayopendwa sana huku kwetu, kuanzia Maua hadi Embu. Familia inaona mambo hayasongi. Watoto wamesoma na hawapati kazi, shamba limegawanywa mpaka limeisha, vijana wamezama kwenye pombe. Wanaita watumishi wa Mungu. Watumishi wanafunga na kuomba, halafu jibu linatoka: ni laana ya kiapo. Babu alikula kiapo cha Mau Mau, akafanya agano na giza, na boma zima linalipa. Basi kiapo kinakemewa kwa sauti, kinavunjwa, sadaka inatolewa.

Na babu yuko pale pale kwenye kiti cha plastiki, na blanketi mabegani, anasikia. Mtu aliyelala kwenye baridi ya msitu wa Mlima Kenya ili wewe usitembee na kipande shingoni anaambiwa mbele ya wajukuu kwamba yeye ndiye mlango wa shetani katika nyumba yake.

Usinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Naamini laana zipo na naamini damu ya Yesu inazivunja. Lakini soma na mimi 2 Samweli 21 kabla hujamwita mtumishi mwingine.

Nchi ilipatwa na njaa miaka 3 wakati wa Daudi. Daudi akamuuliza Bwana sababu, na jibu likahusu Wagibeoni. Unawakumbuka kutoka Yoshua 9? Ni wale waliokuja na viatu vilivyochakaa na mkate wenye ukungu, wakapata kiapo cha Israeli kwa ujanja. Kama kuna kiapo ambacho mtu angetaka kukiita batili, ni kile. Lakini Mungu hakumwambia Daudi kwamba njaa imeletwa na kiapo. Ililetwa na Sauli, ambaye aliwaua watu walioahidiwa kuishi. Ahadi ilivunjwa, na kizazi kilichofuata ndicho kilichokosa mkate.

Sasa tuje nyumbani. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Walioingia msituni walidai vitu viwili, ardhi na uhuru. Huku Meru, Musa Mwariama alikaa msituni mpaka uhuru ukamkuta huko Desemba 1963, hakukamatwa wala hakujisalimisha kwa mkoloni. Mwenzake Baimungi alitoka pia, akangoja ile ardhi, akaona haiji, akarudi msituni. Mapema mwaka 1965 aliuawa. Waliomuua hawakuwa Waingereza. Walikuwa askari wa serikali ya Kenya, na bendera yetu ilikuwa haijamaliza miaka 2.

Hata kabla ya uhuru, mwaka 1962, Mzee Kenyatta alikuwa ameiita Mau Mau ugonjwa uliokwisha, usiostahili kukumbukwa tena. Marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau iliachwa kwenye sheria zetu hadi 2003. Fikiria hapo: miaka 40 ya Kenya huru, na mzee aliyepigania uhuru huo bado ni mwanachama wa kundi haramu. Mashamba yalipopimwa na kugawanywa upya, wengi wao walikuwa kizuizini au porini, na aliyekuwa karibu na chifu ndiye aliyepata pazuri. Ukiuliza kwa nini boma fulani halina ardhi, wakati mwingine jibu liko kwenye ofisi ya ardhi, si kuzimu.

Mifereji ya kwanza ya mpunga kule Mwea ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau. Uwanja wa ndege wa Embakasi pia uliwatumia. Tunapika pishori kwenye kila arusi na hatuombei mikono ile hata neno moja.

Najua utaniambia, "Pasta, hao watu waliua." Ni kweli. Lari, mwezi Machi 1953, akina mama na watoto walichomwa ndani ya nyumba. Wako Wakristo waliokataa kiapo kwa ajili ya jina la Yesu wakauawa, na hao nawaheshimu kama mashahidi. Mkoloni naye alinyonga zaidi ya watu 1,000, na kambini walifanyiwa mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa watoto wakisoma. Kuna maboma ambayo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine homugadi. Vita ile haikupendwa na wote wakati ule, na haipendwi na wote leo. Lakini kumshukuru mtu si kutia sahihi kila alichofanya. Aliyetenda dhambi tumletee injili kama tunavyomletea mwenye dhambi yeyote, kwa adabu, akiwa ameketi na sisi.

Badala yake tunafanya nini? Siku ya Mashujaa tunampa tisheti na soda, tunamkalisha kwenye hema la nyuma, mwanasiasa anapiga naye picha. Akifa tunaleta sanduku la bei na hotuba ndefu. Waingereza waliomtesa walilipa mwaka 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo. Wengine zaidi ya 40,000 walienda mahakamani London na kesi yao ikatupwa mwaka 2018. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1953 leo amepita 90. Hana muda wa kungoja kesi nyingine.

Daudi alifanya jambo ambalo sisi hatujafanya. Aliwaendea Wagibeoni akawauliza awatendee nini. (Walichoomba kinatisha, soma mwenyewe. Mimi sidai damu ya mtoto wa homugadi yeyote.) Alianza kwa kuuliza. Wewe umewahi kumuuliza babu? Na nyanya, aliyepitisha chakula usiku hadi ukingoni mwa msitu na hakuna aliyemwita jenerali? Kwenye 1 Samweli 30, Daudi aliamua aliyelinda mizigo agawiwe sawa na aliyeenda vitani.

Usiseme hii ni habari ya wazee tu. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wa KDF wamepelekwa Somalia, na wengi wetu tumebishana kama vita ile ni yetu. Bishana. Lakini baada ya El Adde, Januari 2016, serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa. Mjane wa askari anayekaa kiti cha tatu kanisani kwako hahitaji maoni yako kuhusu Somalia. Anahitaji mtu wa kumsaidia kufuatilia karatasi za marehemu.

Kwa hiyo wiki hii nenda kwa mzee wako. Beba unga na sukari. Mlipie SHA kama unaweza. Washa simu urekodi anachosema, jina la kambi, majina ya wenzake, shamba lilikuwa wapi. Usimkatize na maandiko. Ukimaliza, ndipo unipigie tupange maombi ya boma, na nitakuja kwa furaha. Ila swali langu la kwanza nikifika mlangoni litakuwa: mzee alisema nini?