Namba Yangu Si Ubao wa Matangazo

Usiku ule mdogo wangu alikuwa amelazwa, nami nimeiweka simu kifuani nikingoja neno la shemeji. Saa tano na robo ikalia. Nikasoma huku mikono ikitetemeka: hongera, magodoro yamepunguzwa bei hadi Jumapili! Ndugu msomaji, godoro nilishanunua, tena duka hilohilo, miaka miwili nyuma. Waliniomba namba eti kwa ajili ya risiti. Risiti yenyewe nilipewa ya karatasi.

Rafiki zangu husema, "Si uifute tu?" Hivi mwenye mgonjwa ataijuaje ya kufuta kabla hajashtuka? Wala simu hawezi kuizima.

Si kwamba Kenya hatuna sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakataza kutumia habari za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, labda sheria nyingine iruhusu. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza kwamba njia ya kujitoa iwe rahisi. Maneno matamu. Nilituma neno la kujitoa mara tatu. La tatu lilijibiwa kwa tangazo la mito.

Kasoro iko kwenye bei. Faini ya Kamishna wa Data haizidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachoshikwa ni kile kilicho kidogo. Kidogo! Fidia ipo, hata ya kusononeka, ila aliyeumia ndiye aonyeshe alivyoumia. Mapigo ya moyo ya saa tano usiku nitayapeleka kwa Kamishna ndani ya bahasha?

Marekani walitunga sheria yao mwaka 1991, na mwaka 2003 tume yao ya mawasiliano ikasema inagusa meseji pia. Humo mpokeaji anadai mwenyewe hasara yake au dola 500 kwa kila kosa, kinachoshikwa kikiwa kile kilicho kikubwa, na kosa la makusudi laweza kufika mara tatu. Sisemi wamepona. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya huko iliibana sheria hiyo, na wapo mawakili waliogeuza madai kuwa duka. Hata hivyo kero imeandikiwa bei, na mwenye kukerwa ndiye mdai.

Muuza samaki wangu hunitumia meseji ngalawa zikifika. Huyo aliniuliza kwanza, nami nikakubali. Sheria ninayoitaka haimgusi.

Naitaka iandike kiasi, hata shilingi 5,000 kwa kila meseji isiyoombwa, bila mtu kuthibitisha machozi. Mdogo wangu alitoka hospitalini siku ya nne. Meseji za godoro siku hizi sifuti. Ninazo 41.