Walimu wa desa

Nyegezi, Jumatano, saa 5 usiku

Leo nina hasira na nimeamua kuzimalizia hapa kabla sijalala. Anayetaka kununa anune, lakini asome mpaka mwisho kwanza, maana na mimi mwenyewe nimo humo humo.

Leo ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Hakuna mgomo, hakuna msiba, boom bado halijaingia. Nimeamka saa 11 na nusu, nikapanga foleni bombani na ndoo zangu mbili (ziwa tunaliona dirishani, ila hiyo ni habari nyingine, nitaiandika siku yake), nikanywa chai na maandazi mawili, nikashuka chuoni. Pindi la kwanza saa 1, saikolojia ya elimu. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, spika ya nyuma inakoroma tu. Karatasi ya mahudhurio ikapita. Jirani yangu akasaini jina lake, akabadilisha kalamu akasaini la mwenzake, halafu akahamishia kalamu mkono wa kushoto akasaini la tatu. Kipaji hicho!

Saa 4 kazi ya kikundi. Tuko 12, tukafika 4. Mmoja akatoa simu, akaiuliza akili mnemba, akanakili, kila palipokuwa na "zaidi ya hayo" akaweka "vilevile", dakika 20 kazi imekwisha. Majina yote 12 kwenye jalada. Sikusema kitu. Nilikuwa na njaa.

Mchana Malimbe kwa mama ntilie, wali maharage na dagaa. Kutoka hapo nikapitia steshenari, na hapo ndipo hasira ilipoanzia. Foleni ya steshenari ilikuwa ndefu, mimi nimehesabu watu 23. Yule kaka anatufahamu. Hujamaliza kutaja somo ameshafungua faili. Na walimu wetu anawajua kuliko tunavyowajua sisi: "Huyo hapendi maelezo mengi, chukua hili la kurasa 18." Nikachukua. Nikalipa. Nilipofika geto ndipo nikajiuliza, hivi tangu asubuhi nimeona kitabu? Sio kusoma, KUKIONA. Nimepekua siku nzima kichwani, sijakiona. Watu mamia tunaosomea kufundisha, kuanzia jua linachomoza mpaka linazama, na hakuna aliyefungua kitabu mbele ya macho yangu. Na siku ilikuwa ya kawaida, nimeshasema.

Sasa wale mnaosema "desa limesaidia wengi", njooni tuongee. Desa ni nini? Ni muhtasari wa muhtasari, ulioandikwa na kaka fulani aliyeshahitimu na kuoa, ukatolewa kopi ya kopi mpaka herufi za pembeni zimekatika. Mwaka wa kwanza tulikuwa na desa la jiografia ambalo ukingo wa kulia ulikuwa umeliwa na mashine. Palipoandikwa kina cha Ziwa Viktoria ilibaki tarakimu moja, 8. Basi kwenye UE tukaandika mita 8. Mimi nikiwemo! Ziwa lililoimeza MV Bukoba Mei 1996, makaburi ya watu wale yako Igoma hapo, kila mtoto wa Mwanza anajua, halafu sisi wasomi tunalipa mita 8. Ni kina cha kisima cha bibi yangu.

Lakini lililonichoma kabisa ni la BTP mwaka jana. Nilipangiwa shule moja ya kata, iko mlimani, ziwa lote unaliona chini. Kidato cha 3, watoto zaidi ya 80 darasani. Nafundisha namna maziwa yanavyotokea, nimevaa sketi yangu mpya, najisikia mwalimu kweli kweli. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, kama Viktoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mbona Tanganyika ndilo lenye kina kirefu?"

Swali hilo nilishalijibu kwenye mtihani na nikapata B+. Nikageukia ubao nikaandika lile neno la Kiingereza la kwenye desa, nikaligongea mstari. Binti akaandika. Halafu akauliza tena, kwa adabu zote, "Madam, maana yake nini?"

Nikamwambia tutaliona kipindi kijacho.

Kipindi kijacho sikuligusa. Na cha baada ya hapo vilevile. Naye hakuuliza tena, ndiyo kitu kibaya kuliko vyote, alishaelewa.

Niliporudi chuoni niliingia maktaba kwa aibu, nikatafuta kitabu. Kipo, kimechakaa, lakini kipo! Nikakaa nacho dakika 40. Kumbe habari yenyewe hata dada yangu wa darasa la 6 nikimweleza anaelewa. Tanganyika limekaa ndani ya ufa wenyewe, ardhi ilipasuka ikadidimia, maji yakajaa kwenye mpasuko mwembamba unaokwenda chini mita 1,470. La kwetu halimo kwenye ufa. Liko katikati ya fa mbili, ya mashariki na ya magharibi, kwenye bonde lililobonyea kama sinia. Upande wa magharibi uliinuka taratibu, mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa ikienda huko ikazibiwa njia, maji yakageuka yakarudi nyuma na kutuama kwenye sinia. Sinia ni pana, kilomita za mraba 68,000 na ushee, lakini ni sinia, kina chake cha mwisho ni kama mita 80 tu. Basi! Ningeweza kumchorea yule binti kwa chaki moja, na kumwonyesha ziwa lenyewe dirishani. Dakika 40 jamani. Tunakaa foleni ya steshenari muda huo huo.

Yeye sasa yuko kidato cha 4, ana mtihani wa taifa.

Nchi hii ina tabia ya kuwapa walimu majina. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wasome, walimu wakahitajika haraka haraka, wakaitwa "walimu wa UPE" na mpaka leo ni tusi. Katikati ya miaka ya 2000 shule za kata zilipoota kama uyoga, wahitimu wa kidato cha 6 walipigwa msasa wa wiki chache wakatupwa darasani, wakaitwa "voda fasta". Wale angalau walikuwa na sababu, walipewa muda mfupi. Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013 na asilimia 60 hivi wakapata sifuri, wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa mwalimu. Sisi tumepewa miaka mitatu. Mitatu! Tutaitwaje?

Najua mtakachosema, maana rafiki zangu wamekisema jioni hii hii hapa chumbani. Wa kwanza kasema vitabu ni vichache. Kweli, nakala moja watu 400 haitoshi, na hilo tunapaswa kulisema kwa sauti kubwa kwenye vikao badala ya kupigania gozi la mpira wa kitivo. Lakini ile nakala moja niliikuta ina vumbi. Ingekuwa inagombewa ningenyamaza.

Wa pili kasema anayejibu kwa maneno ya desa anapata alama, anayejieleza kwa maneno yake anapata C. Hapo sina jibu zuri. Ni kweli hutokea, maswali yanajirudia mwaka hadi mwaka, hata msahihishaji anachoka. Sitawatetea.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Eti "nisome kitabu kwa ajira ipi?" Akanikumbusha usaili wa walimu wa Januari 2025, waombaji zaidi ya 200,000, nafasi 14,000 na kitu. Ni kweli, inatisha, na mimi huwaza hilo usiku. Lakini mwenzangu, kama mko watu 14 mnagombea kiti kimoja na wote mmesoma kurasa zile zile 18, unadhani utachaguliwa kwa kigezo gani, urefu? Na nimeona kwa macho yangu, sasa yapo mpaka madesa ya usaili, yanauzwa kwenye magrupu ya simu. Tumeambiwa tuthibitishe kuwa tunajua, tumekwenda kutafuta kopi ya kujua.

Halafu kuna hesabu ambayo hatupendi kuipiga. Wengi wetu humu tunakula mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 fedha ya kujikimu ni elfu 10 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500. Tunaiita boom kana kwamba imedondoka kutoka juu. Mei Mosi 2021 hapa hapa Mwanza, CCM Kirumba, Rais Samia alipotangaza kufuta ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, mtaa mzima ulishangilia, sisi tulikuwa bado sekondari. Sawa, ile imefutwa. Deni halikufutwa. Ukiajiriwa serikalini unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kwa hiyo siku yangu ya leo, ya maandazi na kusainiana na "vilevile", nimeinunua kwa elfu 10 ya mkopo, ada bado sijaihesabu. Nitailipa nikiwa na watoto. Nimenunua nini?

Nilipofika hapo rafiki yangu alivuta shuka, akasema "madam umeanza, zima taa." Tukacheka. Hajakasirika, tunajuana.

Kesho nina pindi moja tu, saa 4. Nimeshamwambia huyu tuliyelala naye chumba kimoja kwamba saa 2 naingia maktaba, akitaka twende wote. Amesema ataona. Kuna kingine nataka kufanya lakini naona haya hata kukiandika: ile shule ya BTP nauli yake kwenda na kurudi siyo kubwa, na mwalimu wa jiografia pale bado ana namba yangu. Sijui nitamwambiaje. "Samahani mwalimu, kuna swali la mwaka jana sikulijibu"?

Hodi inapigwa. Ni jirani wa chumba cha pili, anauliza nani ana desa la Jumatatu, steshenari imefungwa.

Ninalo kwenye begi.