Usaili wa Kazi za Kompyuta: Ukimya Si Adabu

Kijana wa Nchelenge akihitimu masomo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Copperbelt au Chuo Kikuu cha Zambia, wazazi wake huamini kwamba kazi i karibu. Lakini kampuni kubwa za kutengeneza programu za kompyuta haziajiri kwa cheti peke yake. Humwita mwombaji kwenye usaili usiofanana na ule wa ofisi za kawaida. Wengi huanguka hapo, nao si wajinga. Yafaa wazazi na vijana wa mwambao wa Ziwa Mweru waelewe sababu yake.

Kazi zenyewe ziko mbali. Kutoka Kashikishi hadi Lusaka, kwa njia ya Mansa na Serenje, ni safari ya karibu kilomita 1,000. Nairobi ni mbali zaidi. Huko Microsoft ilifungua kituo cha kutengeneza programu mwaka 2019, na mwaka 2022 Google ilitangaza kuweka kituo chake cha kwanza cha namna hiyo barani Afrika. Hata hivyo, siku hizi hatua za kwanza za usaili hufanywa kwa intaneti, msaili na mwombaji wakionana katika kioo cha kompyuta. Kikwazo huwa umeme na mtandao. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia nzima ilipata mgawo mkali wa umeme. Hivyo mwombaji mwenye busara hujaza betri mapema, na umeme ukitishia kukatika humwarifu msaili kabla ya saa ya usaili, si baadaye.

Usaili wenyewe huenda kwa hatua. Kwanza huwa mazungumzo mafupi juu ya elimu na kazi alizozifanya mwombaji. Kisha hupewa swali la kuandika programu huku msaili akimtazama. Anayefaulu huitwa mbele ya wasaili kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa muda wa dakika 45 au saa nzima. Mmoja huuliza jinsi ya kupanga mtambo wa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Mwingine huuliza jinsi mwombaji alivyosuluhisha ugomvi na wenzake kazini.

Maswali ya programu huonekana mepesi. Tuseme lipo daftari lenye majina 1,000 ya wavuvi, yaliyopangwa kwa alfabeti, na jina moja latafutwa. Asiyetafakari huanzia jina la kwanza akashuka hadi la mwisho. Aliyetafakari hufungua katikati, akaona kama jina liko mbele au nyuma, akaiacha nusu isiyohusika, kisha akagawa tena. Kwa njia hiyo hatazidi hatua 10. Majina yakiwa 1,000,000, hatua 20 zatosha. Je, kama daftari halikupangwa? Je, kama wavuvi wawili wana jina moja? Mambo hayo msaili huyaacha makusudi, akingoja mwombaji ayaulize mwenyewe.

Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Katika nyumba nyingi mtoto hufundishwa kutomhoji mkubwa, na kunyamaza mpaka apate jibu kamili. Ni malezi mema, lakini mbele ya msaili ukimya huhesabiwa kuwa ni kutojua. Msaili hataki jibu peke yake. Ataka kusikia fikira zinavyokwenda, zinapokosea na zinavyojirekebisha. Anayesema, "Njia hii ni ya polepole, lakini nianze nayo, kisha niiboreshe," humpita yule aliyekaa kimya robo saa akaandika jibu sahihi bila neno.

Wala ustadi huo si mgeni kwa watu wa Luapula. Katika insaka wazee hujadili shauri kwa sauti, kila mmoja akionyesha njia aliyoipitia hadi kufikia neno lake. Kijana na afanye hivyo nyumbani: ndugu yake ashike swali, naye alijibu kwa kusema, kwa Kiingereza kitakachotumika katika usaili, akiandika kwenye karatasi bila msaada wa mashine. Mazoezi ya majuma manane yana faida kuliko kukesha usiku mmoja.

Aidha, kushindwa usaili si hukumu ya akili. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetunga programu ya Homebrew inayotumiwa na wahandisi wengi duniani, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu ya swali moja la ubaoni. Na mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa mambo ya watumishi wa Google, alikiri kwamba mafumbo waliyokuwa wakiwauliza waombaji hayakuonyesha nani angefanya kazi vizuri.

Kampuni nyingi humruhusu aliyeshindwa kuomba tena baada ya muda. Wavuvi wa Mweru wanapozuiwa kuvua, tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, huo ndio wakati wa kushona nyavu. Kijana aliyekataliwa naye aandike maswali yaliyomshinda siku ile ile, kabla hajayasahau, ayafanyie kazi moja moja. Wazazi nao wasimhesabie kuwa amepoteza masomo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.