Kikatalani si Kiambatisho cha Kihispania

Katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza na Marekani vinavyofundisha Kikatalani, lugha hiyo huwekwa chini ya idara ya Kihispania na kusomwa kama somo la ziada. Watetezi wa utaratibu huu hudai kwamba Wakatalani wa Hispania wanakijua Kihispania; kwa hivyo, anayekimudu Kihispania hana haja ya zaidi. Hoja hii ni nyepesi, nayo ni potofu kiisimu, kifasihi na kihistoria.

Mosi, Kikatalani si lahaja ya Kihispania. Lugha zote mbili zimetokana na Kilatini, na kila moja ina fonolojia na sarufi yake. Kikatalani husemwa Katalonia, Valencia, visiwa vya Balearic, kusini mwa Ufaransa na hata katika mji wa Alghero kisiwani Sardinia. Nchini Andorra ndicho lugha rasmi pekee. Mipaka ya Hispania, basi, haitoshi kuieleza lugha hii.

Pili, fasihi yenyewe inawakanusha. Ramon Llull, mzaliwa wa Mallorca, aliandika falsafa kwa Kikatalani katika karne ya 13, wakati ambapo wanazuoni wa Ulaya walikitegemea Kilatini. *Tirant lo Blanch*, riwaya ya Joanot Martorell, ilichapishwa Valencia mwaka 1490, zaidi ya karne moja kabla ya *Don Quixote* ya 1605. Cervantes mwenyewe anamfanya kasisi katika kitabu chake akisifu riwaya hiyo. Mwanafunzi wa Kihispania asiyemjua Martorell anasoma sifa bila ya kumjua anayesifiwa. Ni nani basi aliye kiambatisho cha mwenziwe?

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, uwili-lugha wa Wakatalani haukuzuka wenyewe. Baada ya ushindi wa Franco mwaka 1939, Kikatalani kiliondolewa shuleni na katika ofisi za serikali. Mwanaisimujamii Lluís Aracil wa Valencia alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba sifa zinazomiminiwa uwili-lugha aghalabu huficha mgogoro baina ya lugha inayotawala na ile inayotawaliwa. Kuutumia uwili-lugha huo kama sababu ya kutokifundisha Kikatalani ni kuyageuza matokeo ya dhuluma kuwa ushahidi wa kuihalalisha.

Yamkini mpinzani atasema kwamba wanafunzi ni wachache na fedha ni haba. Hilo ni kweli, lakini halijibu lililoulizwa. Kinachodaiwa si jengo jipya, bali silabasi inayojitegemea, matini kusomwa katika lugha ya asili, na walimu waliobobea katika fasihi hiyo. Riwaya za Mercè Rodoreda zisifikiwe kwa tafsiri ya Kihispania ilhali mwalimu na mwanafunzi wako chuoni kujifunza lugha.

Wasomi wa Kiswahili hawana udhuru wa kulitazama suala hili kwa mbali. Dai kwamba kila msomi wa Kenya anakijua Kiingereza, na kwamba kwa hiyo uhakiki wa Kiswahili uandikwe kwa Kiingereza, ni lilo hilo lililovaa kanzu nyingine. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Haikuwaandikia wahakiki tahakiki zao. Anayelikubali dai hilo Barcelona hatakuwa na hoja ya kulikataa Nairobi.