NASAHA ZA MWEZI: UJIRA USIOJULIKANA KIASI CHAKE



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo lililotufikia hapa Ivuna, nalo hapana shaka limekwisha kuingia katika nyumba nyingi. Ni habari ya mitandao ya kijamii inayowaahidi waandishi na wapiga picha ujira, si kwa shilingi wala kwa dola, bali kwa sarafu za mtandaoni ambazo aghalabu mitandao hiyo yenyewe huzitoa. Tena mitandao hii yashindana. Mmoja hunadi kwamba walipa zaidi, na wa pili hunadi kwamba kwake ndiko kwenye utajiri.

Kijana mmoja aliyesoma katika chuo chetu alitujia baada ya sala ya isha, simu mkononi. Akatuamkia, "Shikamoo, Maalim," nasi tukamwitikia. Akasema, "Nimekuja kutaka shauri. Iko mitandao mitatu, nami sijui nihamie upi."

Tukamwuliza, "Mwanangu, wahama kwa sababu gani?"

Akatueleza mambo yake. Kwa muda wa miezi minane alikuwa akiandika habari za nchi yetu. Iliyopendwa kupita zote ilikuwa habari ya kimondo kilichoanguka hapa Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, jiwe la gramu 705 tu, ambalo wataalamu hulithamini mno kwa kuwa ni la namna adimu sana, na kipande chake kimehifadhiwa London. Tuliisoma habari hiyo, nayo imeandikwa vizuri. Kila alipopata kura za wasomaji, simu ilimwonyesha hesabu ikipanda, hata ikafika shilingi laki tatu na nusu. Baba yake alipoiona hesabu ile akachukua bati dukani kwa deni, akaahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Kijana alipotaka kuzitoa fedha zake akaambiwa angoje. Akangoja wiki tatu. Alipofunguliwa, bei ya sarafu ilikuwa imeanguka, na mtu aliyezinunua alimtumia kwa simu shilingi elfu thelathini na nane. Sasa bati ziko juu ya nyumba, mwenye duka adai haki yake, na mzee hupita njia ya nyuma kwa haya. Naye kijana adhani mtandao wa pili utamlipia deni la ule wa kwanza.

Ili tusiseme kwa dhana, yafaa tueleze jinsi kazi hii inavyokwenda. Mtandao uliojulikana mapema katika njia hii ni Steemit, ulioanzishwa Marekani mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer. Huko kila siku hutolewa sarafu mpya, nazo hugawanywa kwa kura za wasomaji. Walakini kura hizo si sawa. Mwenye sarafu nyingi kura yake ni nzito, na asiye nazo kura yake ni nyepesi kama unyoya. Wasomaji mia waweza kukusifu usipate hata bei ya kibiriti, na tajiri mmoja akakugusa kwa kidole ukapata ya mwezi mzima. Basi hapo ujira haufuati kazi; wafuata mkono wa mwenye nacho.

Januari 2018 sarafu moja ya Steem ilipita dola 7. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa haifiki hata nusu dola, na mwezi wa Novemba kampuni ilitangaza kuwaachisha kazi asilimia 70 ya watu wake. Februari 2020 kampuni ikanunuliwa na Justin Sun, mwenye mtandao wa Tron. Mwezi uliofuata masoko makubwa ya sarafu yalizitumia sarafu walizowekewa na wateja wao kupiga kura ya kuwabadili wasimamizi wa daftari la Steem. Nyinyi mnaojua uzito wa amana, lipimeni jambo hilo. Tarehe 20 Machi 2020 kundi kubwa likajitenga na kuanzisha mtandao wa Hive. Mei mwaka ule ule, upande wa Steem ukachukua sarafu milioni 23.6 kutoka katika akaunti za watu, na wenyewe hawakuridhia.

Wengine nao walikuja na ahadi zao. LBRY, uliowalipa watengenezaji wa filamu, ulishindwa katika mahakama ya Marekani Novemba 2022, na mwaka uliofuata ukatangaza kufungwa. Friend.tech ulivuma mwaka 2023, na mwaka 2024 wenyewe waliutupa mkono.

Mbona basi wanashindana kumwita mwandishi? Kwani sarafu haina bei illa apatikane mtu mwingine wa kuitaka. Kila akija mtu mpya, bei hupanda, na waliotangulia huuza kwa faida. Wavuvi wetu wa Ziwa Rukwa wanajua chambo hutiwa kwa ajili ya nani. Mwandishi akidhani yeye ndiye mvuvi, na atazame vizuri upande wa ndoana.

Hapa Ivuna tuna chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba walikuta mabaki ya kazi ya chumvi tangu karne ya 13 hadi ya 15. Wazee wale walichemsha maji, wakapata chumvi. Bei yake iliweza kushuka, kwani bei ya kila kitu hushuka. Lakini chumvi iliyokosa mnunuzi bado hutiwa chunguni nyumbani. Sarafu iliyokosa mnunuzi haikolezi mboga.

Vijana watatuuliza, je, ni haramu? Sisi si mamufti. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Shawki Allam, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliikataza biashara ya Bitcoin mwanzoni mwa mwaka 2018. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa hukumu Novemba 2021 kwamba haifai kuzitumia sarafu hizi kama fedha. Nako Malaysia, baraza la sharia la wasimamizi wa masoko ya mitaji liliruhusu mwaka 2020 mali hizi kuuzwa katika masoko yenye idhini. Lakini liko jambo tulilosomeshwa sote katika mlango wa ijara: ujira na ujulikane. Anayekuajiri kwa malipo yasiyojulikana kiasi chake amekutia katika gharar, hata kama kazi yenyewe ni ya halali.

Na serikali? Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 katika malipo ya kuhamisha mali za kidijiti. Wako wanaosema, "Zikitozwa kodi, basi zimedhaminiwa." Sivyo. Kutozwa kodi si kudhaminiwa.

Kwa hiyo twawausia vijana, kabla ya kuingia mtandao wowote, waulize mambo matatu: Nani anilipaye, na fedha hizo azipata wapi? Kura ya nani ndiyo ipimayo ujira wangu? Na lini nitaweza kuugeuza kuwa unga na mafuta? Asiyepata jibu na aandike kwa kujifunza tu, asiache shamba wala masomo. Na nyinyi wazazi, hesabu iliyo katika simu msiikopee. Fedha ni ile iliyokwisha kufika mkononi.

Kijana wetu hatukumwambia avunje kalamu, maana Mungu amempa kipawa. Tulikwenda naye pamoja na baba yake kwa mwenye duka. Zile elfu thelathini na nane zikalipwa kwanza, na zilizobaki wakapatana zilipwe kidogo kidogo hadi mavuno. Mzee alirudi nyumbani kwa njia ya mbele.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku riziki ya halali yenye baraka, na atuepushe na deni linalomfanya mtu awakimbie jirani zake. Amin.