Malango ya Kalenga na Kasumba Yetu

Kuna kauli moja inayorudiwa mno na wasomi wetu, nayo husikika hata Isongole, Wilaya ya Rungwe, ambako msafiri atokaye Mbeya hugeukia kwenda Ziwa Ngozi. Kauli hiyo husema kwamba mawe ya kumbukumbu ni mambo ya Wazungu, kwa sababu wao walikuwa na miji yenye kuta na malango, na sisi tulikuwa na migomba.

Kauli hii ni kasumba tupu. London ilibomoa malango yake ya kale, kama Aldgate na Bishopsgate, kati ya mwaka 1760 na 1761, kwa kuwa yalizuia magari ya farasi. Hakuna lango lililobaki. Hata hivyo mwenyeji anaendelea kulitaja jina la Bishopsgate kila siku, na ukutani kuna vibao vinavyosema lango lilisimama hapa. Waliobomoa ndio walioweka alama. Kwa nini basi sisi, ambao hatukubomoa bali tulibomolewa, tuone haya kufanya hivyo?

Tuutazame mji wa Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa. Mkwawa aliuzungushia ukuta wa mawe na udongo. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Gavana von Schele yaliupiga kwa mizinga na kuuvunja. Ndugu msomaji akifika Kalenga leo ataonyeshwa fuvu la Mkwawa, lililorejeshwa mwaka 1954, na hilo ni jambo jema. Lakini akiuliza lango lilikuwa wapi, na ni upande upi adui aliingilia, atategemea kumbukumbu ya mwenyeji atakayembahatisha. Aende Lugalo, ambako mwaka 1891 Wahehe walimwua Zelewski pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Huko atakuta mnara wa mawe wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa. Aliyeivamia nchi amewekewa jiwe. Aliyebeba mawe ya ukuta kuilinda hana hata kokoto!

Sheria yetu nayo ina kasoro ambayo maofisa wachache huitaja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye hungoja tangazo la Waziri. Kwa mizani hiyo, ngome za upinzani wetu dhidi ya Wajerumani, ambazo karibu zote ni za baada ya mwaka huo, zinapaswa kuomba ruhusa ya kukumbukwa.

Hapa Rungwe ndipo wenye kasumba wanapodhani wameshinda. Tukuyu iliyoitwa Neu Langenburg na Wajerumani ina boma lao la mawe, na Wamoravian walianzisha misheni yao Rungwe mwaka 1891, nayo inajulikana mpaka leo. Sisi tuna nini cha kuandikia? Jibu ni kwamba Wanyakyusa hawakujenga ukuta, lakini walikuwa na mpangilio. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao kando ya kijiji cha baba zao, na siku ya baba zao kuwakabidhi nchi, mipaka ilitengwa upya na miti ikapandwa. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa malango. Nyumba za mianzi zimeoza, vijiji vimehama, na mahali pengi miti nayo imekwisha katwa. Kilichobaki kimo vichwani mwa wazee, ambao idadi yao inapungua kila mwaka.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kufufua ukabila na utemi. Hoja hiyo nzito haipaswi kupuuzwa; mamlaka ya machifu tuliyafuta mwaka 1963, wala hakuna mwenye akili anayetaka yarudi. Ndiyo maana jiwe lisiandikwe ukoo wa chifu na sifa zake. Liandikwe rika lililojenga, kazi lililofanya, na siku mahali hapo palipokoma. Liandikwe Kiswahili, na chini yake lugha ya wenyeji.

Wengine watadai fedha ziende kwenye madawati. Mawe ya Rungwe yamejaa mashambani, na mchongaji wa makaburi hutoza kidogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kujadili iwapo jiwe lichongwe. Lakini lisiwe bango la bati lenye nguzo ya chuma. Hilo litaibwa na kuuzwa kama chuma chakavu kabla ya mvua kuanza. Lichimbiwe ardhini.

Walimu wa Isongole wasingoje waraka kutoka wilayani. Wanafunzi wa darasa la saba wanaweza kutumwa kwa wazee wa vitongoji vyao kuuliza: mti wa mpaka ulisimama wapi, ulipandwa na rika gani, na ulikatwa mwaka gani? Majibu yanayokubaliana yapelekwe kwa Ofisa Utamaduni wa Wilaya, naye aeleze kwa maandishi ni jiwe gani litawekwa kwanza, na lini.